Deni la Han

Kifo cha Han tumeonyeshwa katika filamu tatu, na kila mara maana yake imebadilika. Mwaka 2006, katika The Fast and the Furious: Tokyo Drift, kilikuwa ajali: Mazda RX-7 ya rangi ya chungwa na nyeusi inagongwa ubavuni usiku katikati ya jiji, inabiringika, inalipuka. Mwaka 2013, katika dakika za mwisho za Fast & Furious 6, ajali ileile ikarudiwa, safari hii kwa upande wa gari lililogonga, na tukaona kuwa dereva alikusudia. Mwaka 2021, katika F9, tukaambiwa kwamba ndani ya ule moto hapakuwa na mtu.

Mimi ni mmoja wa watu walioishi na habari hizo tatu kwa miaka 15, na sitaficha ninavyompenda Han. Lakini yaliyompata yanaonyesha jambo kubwa kuliko yeye. Hadithi ndefu ya filamu hizi, ile tunayoisimulia kana kwamba ni riwaya moja yenye juzuu nyingi, hakuna aliyeipanga tangu mwanzo. Watu wa studio ya Universal walitengeneza filamu moja, wakaona fedha, wakatengeneza nyingine. Walioviunganisha vipande hivyo vikawa kitu kimoja ni watazamaji, na walifanya hivyo kwa kukumbuka mambo ambayo watengenezaji wenyewe wakati mwingine waliyasahau.

Filamu ya kwanza ilitoka Juni 2001, muongozaji akiwa Rob Cohen. Chimbuko lake ni makala ya Ken Li katika jarida la Vibe la mwaka 1998, kuhusu vijana wa New York walioshindana kwa magari barabarani usiku. Hadithi yenyewe si kubwa. Polisi kijana, Brian O'Conner, anajipenyeza katika genge la Dominic Toretto huko Los Angeles ili kuchunguza wizi wa malori yaliyobeba vifaa vya elektroniki. Anashindana na Dom, anashindwa, na anatakiwa kumkabidhi gari lake. Kabla hajalikabidhi, maadui wa Dom wanalilipua. Kwa hiyo Brian anabaki na deni: anadaiwa gari linaloweza kumaliza robo maili kwa sekunde 10. Filamu nzima inasonga juu ya deni hilo, na mwishoni, ving'ora vya polisi vikisikika kwa mbali, Brian anampa Dom funguo za Toyota Supra yake ili atoroke. Polisi amelipa, mhalifu amekwenda zake, filamu imekwisha.

Nimelitaja deni hilo mapema kwa sababu naamini ndilo linaloeleza jinsi mashabiki wanavyoishika hadithi yote. Wengi hudhani shabiki wa mfululizo mrefu ni mtu wa tarehe na vipuri, wa kujua gari lipi lilikuwa na injini gani. Wapo wa namna hiyo, nami nawaheshimu. Ila ukikaa na mashabiki wa filamu hizi ukawasikiliza wakibishana, utagundua wanachokifuatilia hasa ni nani anamdai nani. Nani aliokoa maisha ya nani pale Rio. Nani aliachwa bila kuagwa. Mkufu wa Dom wenye msalaba umetoka shingoni mwa nani ukaenda kwa nani, hadi alipomrudishia mpenzi wake Letty kule London wakati Letty mwenyewe amepoteza kumbukumbu na hajui kwa nini mkufu ule una uzito.

Filamu ya pili, ya mwaka 2003, iliongozwa na John Singleton na ilihamia Miami bila Vin Diesel, aliyemwigiza Dom. Ilituletea Roman na Tej, ambao wakati huo hakuna aliyejua kama tutawaona tena. Ya tatu ilikwenda Tokyo, na shujaa wake hakuwa Diesel wala Paul Walker, aliyemwigiza Brian. Shujaa alikuwa mwanafunzi wa Kimarekani aitwaye Sean, na mwalimu wake wa kuserereka kwenye kona alikuwa Han, mtulivu, mwenye fedha, anayetafuna vitafunwa muda wote. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 159 duniani kote, pungufu kuliko zilizotangulia, na kwa akili ya biashara mfululizo ungeishia hapo.

Haukuishia, na sehemu ya sababu ni dakika chache za mwisho. Sean anaambiwa kuna mtu anataka kushindana naye, mtu anayesema alimfahamu Han, kwamba Han alikuwa wa familia yake. Kioo cha gari kinashuka: ni Dom. Diesel amesimulia kwamba malipo aliyoyataka kwa kutokea pale yalikuwa haki za mhusika wake mwingine, Riddick. Kwa Universal yalikuwa mapatano ya kibiashara. Kwa mtazamaji, neno lile la Dom lilifungua swali ambalo hakuna filamu iliyokuwa imelijibu: Han na Dom walijuana wapi, na lini?

Muongozaji wa Tokyo Drift, Justin Lin, alikuwa anamfahamu Han kabla ya Tokyo. Mwaka 2002 alikuwa ametengeneza filamu ndogo, Better Luck Tomorrow, kuhusu vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia, na humo Sung Kang, mwigizaji yuleyule wa Tokyo Drift, aliigiza kijana aitwaye Han, mvutaji wa sigara. Lin na Kang wanamchukulia kuwa ni mtu yuleyule. Lin alipokabidhiwa filamu ya nne alitaka Han awemo, na Han alikuwa ameshakufa. Akaamua kuiweka filamu mpya nyuma ya ile ya Tokyo kwa wakati. Hivyo mwaka 2009, Fast & Furious inapoanza, Han yuko Jamhuri ya Dominika, mzima wa afya, anashiriki wizi wa lori la mafuta, na anataja kwamba amesikia mambo ya ajabu yanafanyika Tokyo. Asiyeikumbuka filamu ya 2006 aliipita kauli hiyo bila kuiona. Aliyeikumbuka alijua amesikia mtu akipanga safari ya kwenda kufa.

Hapo ndipo hesabu maarufu ya mashabiki ilipozaliwa: moja, mbili, nne, tano, sita, kisha tatu, kisha saba. Kwa mpangilio huo Tokyo Drift inatokea baada ya filamu ya 2013, na mambo hayakai sawa hata kidogo. Watu wa Tokyo wanatumia simu za kukunja. Filamu ya saba inapolirudia shindano la Dom na Sean na kuliendeleza, Lucas Black, aliyemwigiza Sean, ameongezeka miaka tisa usoni kati ya mwanzo wa usiku mmoja na mwisho wake. Mashabiki wanayaona yote haya na wanayasamehe. Kalenda kwao ni kitu kinachoweza kupindishwa, mradi mahusiano ya watu yabaki kama yalivyokuwa.

Je, mgeni azitazame kwa mpangilio upi? Swali hili huwagawa mashabiki wa kila mfululizo mrefu, na jibu langu kwa huu ni bila kusita: zilivyotoka. Anayefuata kalenda ya hadithi anapata Han ambaye kifo chake kinamshtua, basi. Anayefuata miaka ya kutoka anamzika Han kwanza, kisha anakaa naye filamu tatu akijua anakokwenda. Katika Fast Five ya mwaka 2011, Gisele, mwenzake katika kundi la Dom, anamtazama Han anavyotafuna na kukisia kwamba zamani alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, kwa kuwa mikono na mdomo wake havitulii. Aliyeiona Better Luck Tomorrow anatabasamu hapo. Mwishoni wawili hao wanaendesha gari kwa kasi Ujerumani, Gisele anauliza kuhusu Tokyo, na Han anajibu kwamba hakuna haraka, watafika. Kila aliyemwona akifa mwaka 2006 anatamani wasifike kamwe. Katika filamu inayofuata Gisele anaanguka kutoka kwenye gari akimwokoa Han, na Han anakwenda Tokyo peke yake. Uzito wa tukio hilo haukuandikwa kwenye muswada wa 2006. Ulijengwa nyuma yake, matofali yakiwekwa na watu walioshikilia mhusika ambaye studio ingeweza kumsahau.

Kwa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki suala la mpangilio halikuwa la kuchagua. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na kumbi za video za mitaani Nairobi, mkanda uliotazamwa ni ule uliofika. Aliyeanza na Fast Five kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikionyeshwa siku hiyo alikutana na kifo cha Han baadaye, kwenye diski iliyochanganywa na nyingine, na bila kukusudia akafuata kalenda ya hadithi. Tena huku tumekuwa na mafundi wa kusimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, na ufundi wao ni pamoja na kumweleza mtazamaji huyu ni nani, alimfanya nini yule, na kwa nini sasa anakasirika. Wao walielewa zamani sana kwamba mtu anaweza kuingia katikati ya mkanda na akaufurahia, mradi aambiwe visasi vilivyopo. Kumbi hizo zina kanuni yake: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Han hakuwa steringi wa Tokyo Drift, kwa hiyo kufa kwake kulikuwa halali. Filamu tatu zilizofuata zilimpandisha cheo polepole katika macho ya watazamaji hadi kifo kile kikawa hakivumiliki.

Turudi kwa dereva aliyemgonga. Ni Deckard Shaw, aliyeigizwa na Jason Statham. Furious 7 ya mwaka 2015 inamfanya adui mkuu, na inaisha akiwa gerezani. Hadi hapo hesabu imekaa vizuri: aliua, amefungwa. Miaka miwili baadaye ikaja The Fate of the Furious, ikiongozwa na F. Gary Gray. Shaw anatolewa gerezani, anapigana upande wa kina Dom, anamwokoa mtoto mchanga wa Dom ndani ya ndege. Mwishoni, juu ya paa la jengo huko New York, Shaw anakaribishwa kwenye chakula cha familia.

Ili kuelewa hasira iliyofuata, lazima ujue meza ya Toretto ni nini. Filamu ya kwanza ilituonyesha nyama choma nyuma ya nyumba, na kanuni kwamba wa kwanza kugusa chakula ndiye anayesali. Tangu hapo meza ile ndiyo kipimo cha nani ni ndugu na nani si ndugu. Brian alianza kuaminiwa pale. Maadui wamegeuka marafiki kwa kukaribishwa pale. Sasa anakaribishwa mtu aliyemuua mmoja wao, na hakuna hata mmoja kwenye paa lile anayelitaja jina la Han. Shabiki aliyelia mwaka 2013 alikaa ukumbini akisubiri angalau mtazamo mmoja, kimya kimoja, mtu mmoja kuondoka mezani. Hakupata.

Kilio kikaanza: haki kwa Han. Mwandishi wa habari za filamu Jen Yamato alikuwa mstari wa mbele katika kukieneza, na kikasambaa hadi waigizaji wakawa wanakijibu kwenye mahojiano. Ninachokithamini katika kilio hicho ni usahihi wake. Watu hawakusema filamu ni mbaya, wengi waliifurahia. Hawakusema Shaw asitubu. Walisema kuna maiti ambayo hamjaizungumzia. Mwandishi wa muswada, Chris Morgan, alikuwa ndiye yuleyule aliyeandika Tokyo Drift, kwa hiyo huwezi kusema waliosahau ni wageni waliokuta nyumba imejengwa. Nadhani kilichotokea ni cha kawaida zaidi: mtengenezaji anaifikiria filamu iliyo mbele yake, inayohitaji Statham awe mcheshi na mzuri, ilhali mtazamaji anaingia kuitazama akiwa na zile saba kichwani.

Lin, ambaye hakuwa ameongoza filamu ya saba wala ya nane, amesema kwamba suala la haki ya Han ni miongoni mwa yaliyomrudisha. F9 ilipangwa kutoka Mei 2020 ikaahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona, ila kionjo chake kilikuwa kimeshatoka Januari 2020, na humo Han anaingia mlangoni akiwa hai, mkononi ana kitafunwa. Nakumbuka furaha ile. Nakumbuka pia kwamba ilichanganyika na wasiwasi.

Maelezo ya filamu ni dhaifu. Tunaambiwa afisa wa siri, Mr. Nobody, alipanga kifo kionekane kimetokea ili Han aweze kumlinda binti mmoja yatima, Elle. Ukiyaweka kando ya ile ajali ya 2006 hayashikamani vizuri, na yanatuachia ugonjwa ambao mfululizo haujapona: tangu Han arudi, hakuna kifo kinachoaminika tena. Mwishoni mwa Fast X ya mwaka 2023 Gisele naye anatokea Antaktika juu ya nyambizi, na ukumbini watu walishangilia bila kulia, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa akimhesabu mtu yeyote kuwa amekufa kabisa.

Zaidi ya hayo, mashabiki waliomba haki wakapewa uhai. Ni vitu viwili. Han kuwa hai hakubadilishi kwamba Shaw alikusudia kuua na kwamba familia ilimpa chakula. F9 inaahirisha jambo hilo hadi kipande cha mwisho, Shaw anapofungua mlango na kumwona Han amesimama. Fast X inawakutanisha London, wanapigana, wanavamiwa, wanalazimika kusaidiana, kisha Shaw anaondoka haraka kumlinda mama yake. Neno la radhi halijasemwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yale ya fizikia wanayopenda kuyacheka wakosoaji, pamoja na lile gari lililopelekwa anga za juu.

Linganisha na jinsi mashabiki walivyowapokea watu wengine wawili walioingizwa nyuma ya hadithi. F9 ilimpa Dom mdogo wake, Jakob, ambaye hakutajwa katika filamu nane, ingawa Dom alikwishamsimulia Brian kwa kirefu tangu mwaka 2001 jinsi baba yao alivyokufa kwenye mashindano. Wengi hawakumpokea. Fast X ikamleta Dante, mtoto wa Hernan Reyes, adui wa kina Dom katika Fast Five, ikamwingiza hadi ndani ya tukio la kuburuta kasha la fedha Rio mwaka 2011. Huyu alipokelewa vizuri, na uigizaji wa Jason Momoa ulisaidia, lakini sababu nyingine ni kwamba baba yake kweli alifia pale mbele ya macho yetu, na hatukuwa tumejiuliza nani atamlilia. Dante alikuja kudai kitu tulichokuwa tumekishuhudia.

Upande wa pili wa Han ni Brian. Paul Walker alifariki tarehe 30 Novemba 2013 katika ajali ya gari huko California, akiwa na umri wa miaka 40, katikati ya upigaji picha wa Furious 7. Kazi ikasimamishwa, muswada ukaandikwa upya, na ndugu zake Caleb na Cody wakasimama mahali pake huku mafundi wa Weta Digital wakiuweka uso wake kwa kompyuta. Filamu ilipotoka Aprili 2015 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.5, na sidhani kama ni magari yaliyowavuta watu wote hao. Walikwenda msibani. Katika tukio la mwisho Dom na Brian wanaendesha sambamba, kisha barabara inagawanyika na kila mmoja anashika yake. Brian yuko kwenye Toyota Supra. Filamu haisemi chochote kuhusu hilo, wala haikuhitaji: ni aina ileile ya gari aliyoitoa mwaka 2001 kulipa deni lake.

Waandishi waliamua Brian asife. Ameacha kazi, yuko na Mia, dada yake Dom, na watoto wao. Han alikufa ndani ya hadithi huku Sung Kang akiwa hai. Brian yuko hai ndani ya hadithi huku Walker hayupo. Kwa hiyo kila filamu tangu hapo imelazimika kumzunguka. Mtoto wa Dom amepewa jina la Brian. Mia anaporudi vitani katika F9 tunaambiwa Brian amebaki kuwalinda watoto, na mwishoni kiti kimoja mezani kiko wazi, kisha Nissan ya bluu inaingia uani na filamu inakatika. Shabiki anajua kwamba Brian tunayemjua asingebaki nyumbani wakati Mia yuko hatarini. Anajua pia kwa nini amebaki, na anakubali. Sijaona mahali pengine ambapo mamilioni ya watu wanakubaliana kimyakimya namna hii kutouliza swali.

Sasa Diesel amesema hadharani kwamba filamu ya kuhitimisha inapaswa kurudi Los Angeles, kurudi kwenye mashindano ya barabarani, na kumkutanisha Dom na Brian tena. Mashabiki wamegawanyika, na wanaotaka arudi wanasema walichosema kuhusu Han: familia haimwachi mtu. Nawaelewa. Lakini Han alikuwa akidai kwa sababu alidhulumiwa na kusahauliwa, na mwigizaji wake alikuwepo kuamua kama atarudi. Brian hakudhulumiwa, aliagwa na ulimwengu mzima, kwa heshima, akiwa kwenye gari lake. Teknolojia ya kumrudisha ilikuwepo mwaka 2015 na sasa ni bora zaidi, kwa hiyo uwezo si hoja. Mwaka 2015 uso wake ulitumika kumalizia kazi aliyokuwa ameianza mwenyewe. Safari hii angepewa kazi mpya, ambayo hawezi kuikubali wala kuikataa.